Kumbukumbu katika Vioo vya Rangi: Madirisha ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja

Makala haya yanachunguza madirisha ya vioo vya rangi katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Swali linaloongoza mjadala ni hili: katika kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ni nani anayekumbukwa kwa kioo?

Sanaa hii ilifika Unguja ikiwa na mila yake. Katika monasteri ya Saint-Denis, Ufaransa, ambayo sehemu yake ya madhabahu iliwekwa wakfu mwaka 1144, Abate Suger alishikilia kwamba nuru ipenyayo vioo huinua fikra za muumini kwa Mungu. Hata hivyo, sura na jina lake pia vilichorwa katika dirisha mojawapo, miguuni pa Bikira Maria. Hivyo dirisha lilifundisha imani na papo hapo likahifadhi jina la mwenye uwezo.

Mila hiyo inaonekana Mkunazini. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Uingereza. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na ujenzi ukasimamiwa na Askofu Edward Steere. Dirisha moja ni kumbukumbu ya David Livingstone, aliyefariki mwezi mmoja tu kabla ya soko kufungwa. Jingine ni la mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa. Wanaokumbukwa, basi, ni wale wanaohesabiwa kuwa wakombozi. Waliouzwa hawana dirisha.

Yawezekana kudai kwamba pengo hilo limezibwa na madirisha ya nyuma ya madhabahu, yenye watakatifu wa Misri, Karthago na Ethiopia. Madirisha hayo yanakanusha dhana kwamba Ukristo ni mgeni barani Afrika. Lakini watakatifu hao hawakuuzwa Mkunazini.

Waliouzwa walipata kumbukumbu yao nje ya kanisa, katika sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano wamefungwa minyororo, wamesimama shimoni, bila majina. Kwa hiyo, vioo vya Mkunazini ni hati halali ya historia, ila ni hati ya upande mmoja. Husimulia habari za waliopambana na soko. Habari za waliopitishwa humo zinaanzia shimoni.