Kutoka Kipande hadi Leseni: Karatasi ya Raia Mikononi mwa Askari

Je, askari wa usalama barabarani anaweza kisheria kumnyang'anya dereva leseni yake na kuondoka nayo? Wanafunzi wangu huniuliza swali hili kana kwamba ni la wanasheria peke yao. Mimi naliona kuwa la kihistoria kwanza, kwa sababu katika Afrika Mashariki karatasi ya serikali iliwahi kuwa mnyororo kabla haijawa haki.

Mwaka 1907, utawala wa Kijerumani ulianzisha katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kadi iliyomlazimu mwanamume kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Chini ya Waingereza, vijana walioshuka kutoka uwanda wa Makonde kwenda mashamba ya mkonge ya Lindi walihesabiwa siku zao kwenye kipande, na ujira ulitoka kilipojaa. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliwafanya wanaume wa Kiafrika watembee na kipande. Mwajiri aliyekataa kutia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi alikuwa amemfunga bila hakimu, kwani bila sahihi hiyo aliweza kukamatwa kama mtoro. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922.

Uhuru haukuondoa desturi hiyo mara moja. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, wakazi wa Dar es Salaam walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa na wengine kupelekwa vijijini. Mwaka uliofuata, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Ibara ya 13(6) inampa mtu haki ya kusikilizwa, na inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa.

Leseni isomwe katika mwanga huo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aonyeshe leseni anapotakiwa na askari. Lakini kuonyeshwa ni jambo moja, na kubaki nayo ni jingine. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinaipa mahakama mamlaka ya kufuta leseni, tena baada ya kumtia dereva hatiani. Askari akishuku kwamba leseni ni ya kughushi, anaweza kuichukua kama kielelezo. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka mali iliyokamatwa katika upekuzi itolewe stakabadhi.

Kwa usomaji wangu, basi, leseni halali haiwezi kugeuzwa rehani ya faini. Faini ya papo kwa papo hutolewa kwa hati yenye namba ya malipo, na deni hilo tayari linamfuata dereva katika mfumo wa serikali. Rehani ya nini tena?

Tumfikirie dereva aliyepakia korosho Kitangari, akaachwa bila leseni wala stakabadhi, na safari yake ni ya Masasi. Mbele ya kila askari atakayekutana naye, yeye ni mtu anayeendesha bila leseni. Akisimama, mzigo unalala na mwenye mali anamdai. Adhabu imeshaanza na hakuna hakimu aliyeketi. Hapo ndipo rushwa hupata mlango, kwa kuwa kilichoshikwa ni riziki yenyewe, na karatasi ni kishikio chake tu.

Siandiki haya kuwatetea madereva wazembe. Ajali zinatuua, na askari mwadilifu anastahili heshima. Dereva na amuulize kwa adabu: kosa langu ni lipi, stakabadhi iko wapi, nifuate leseni kituo gani? Nanyi watumishi wa umma mlioko wilayani, bandikeni majibu ya maswali hayo stendi, kwa Kiswahili chepesi, ili askari na dereva wayasome pamoja.