Bomba, Komeo na Mpira: Bunduki ya Mau Mau na Mji wa Nairobi

Bunduki ya kujiundia ya wapiganaji wa Mau Mau, walioasi utawala wa Mwingereza nchini Kenya, huhesabiwa kuwa silaha ya msituni, kana kwamba ilizaliwa chini ya miti ya Nyandarua na Mlima Kenya. Nashikilia kwamba ilikuwa zao la mji, hata pale fundi wake alipokuwa amejificha msituni.

Tuitazame kwa karibu. Mtutu ni kipande cha bomba la maji, na kitako ni mti uliochongwa kwa mkono. Nyuma ya mtutu hufungwa komeo la mlango lenye ncha. Mpigaji hulivuta nyuma, na akiliachia, vipande vya mpira wa tyubu ya gari hulirudisha kwa nguvu, ncha ikagonga risasi. Akishapiga mara moja, hana budi kulitoa ganda kabla ya kutia risasi nyingine. Bomba la maji halikuundwa kuhimili baruti, na risasi haikukaa humo sawasawa. Mara nyingine mtutu ulipasuka ukamjeruhi aliyeushika.

Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachoota msituni; ni vitu vya mjini. Na risasi yenyewe, ambayo hakuna fundi aliyeweza kuiunda kwa komeo na mpira, ilibidi iibwe au inunuliwe kwa siri, kisha isafirishwe na watu wasioonekana katika picha za vita, wakiwemo wanawake wengi.

Kwa nini basi kubeba silaha mbovu kiasi hicho? Si kwa kukosa ujuzi. Waruhiu Itote, kiongozi wa Mau Mau aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na bunduki nzuri aliijua. Wapo wanaojibu kwamba ilikuwa ya kujipa moyo. Jibu hilo halitoshi. Mtutu mmoja ulioelekezwa kwa mlinzi ungeweza kumpatia mpiganaji bunduki ya kiwandani, na hilo ndilo lililotafutwa. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji, wengi wao bila bunduki yoyote, walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakaondoka na silaha 47, zikiwemo 18 za rashasha, na kuwafungua wafungwa zaidi ya 170.

Serikali ya kikoloni haikuidharau silaha. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, kupatikana na bunduki, au hata risasi, kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 baada ya kukutwa na bastola.

Ikiwa bunduki hiyo ilikuwa zao la mji, tarehe nzito zaidi katika historia ya bunduki hiyo ni 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ya Waingereza ilipoanza. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Mafundi wa msituni hawakuacha kuchonga vitako, lakini njia iliyowaletea risasi ilikuwa imekatwa.