Tingatinga ni Mtoto wa Mjini

Chui mwenye madoa, macho yamemtoka, mkia umepinda juu ya mgongo. Mtalii hununua picha hiyo akiamini amebeba kipande cha pori. Amebeba Dar es Salaam.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa picha, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kama vijana wengi wa kusini, alipitia mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta maisha. Alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na vibarua vya hapa na pale. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, hakuwa amekanyaga chuo cha sanaa. Turubai hakuwa nalo. Alichora juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba za kuzibia dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli.

Hapo ndipo mkono wa mji unapoonekana wazi. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na mraba huo ndio ukawa umbo la picha zake. Rangi ya baiskeli nayo ni nzito, inang'aa, na ukiigusa mbichi inaharibika. Basi unapaka usuli wa rangi moja, unauacha ukauke, unamweka mnyama, unangoja tena, ndipo unamtia madoa. Wahakiki wameusifu sana wepesi wa mtindo huo. Mimi naona kopo la rangi lastahili sehemu ya sifa hizo.

Wateja pia walikuwa wa mjini. Mkewe aliziuza picha Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wa mabalozi na wataalamu wa kigeni. Walipokuja sokoni, walitaka tembo na twiga, wakachorewa tembo na twiga. Wapo wanaosimulia kwamba wazo lenyewe la kuchora Tingatinga alilipata kwa kuona picha za Wakongo zikiuzwa jijini. Sishangai. Tunduru asingekutana nazo.

Kazi ilipochangamka aliwafundisha vijana, wengi wao ndugu au watu wa kwao: January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Abdallah Ajaba. Hakupata muda mrefu nao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa akiwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kuuza palepale Oysterbay, wakavuta jamaa wengine kutoka kusini, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wenye jina la mwalimu wao. Mji nao haujaacha kuwaagiza. Siku hizi wengi wameacha hadibodi na kuchora juu ya kitambaa cha pamba, maana mnunuzi anapanda ndege, na kitambaa hukunjwa kikaingia sandukuni.