Lakabu za Timu za Mpira na Amri ya Mwaka 1980

Katika vijiji vya Kibera, jijini Nairobi, majina hayakai kama yalivyotolewa. Soweto Mashariki imepata jina lake kutoka Afrika Kusini, ambako Soweto ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza, South Western Townships, uliopitishwa mwaka 1963. Baada ya maasi ya wanafunzi ya mwaka 1976, mtungo huo wa afisini uligeuka kuwa jina la ushujaa. Laini Saba nayo husimuliwa kuwa ilikuwa “laini shabaha”, mahali askari wa K.A.R. walipojifunza kulenga. Mwenendo huohuo waonekana katika majina ya timu za mpira zinazoshangiliwa na wakazi wa Kibera, ambao wengi wao ni Waluo na Waluhya.

Mnamo mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikataza vilabu kubeba majina ya makabila. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya ikawa AFC Leopards. Neno Leopards, kwa kuwa ni la Kiingereza, halikuwa na kabila. Lakini kwa Kiluhya chui ni ingwe, na Ingwe ndilo jina liitwalo uwanjani hadi leo. Kilichoondolewa kwa amri kilirejea kwa tafsiri.

Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilichukua jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa. Klabu hiyo nayo ilijiita kwa muda Gulf Olympic Rangers, jina geni ambalo herufi zake za mwanzo zasomeka Gor. Hatimaye jina la awali lilirudi. Lakabu yake, K'Ogalo, yaani nyumba ya Ogalo, hutaja ukoo wa mganga huyo. Aidha mashabiki huiita Sirkal, neno ambalo Kijaluo kilikopa kutoka “serikali” ya Kiswahili, nacho Kiswahili kikalipata kutoka Kiajemi.

Yafaa lakabu hizi zitofautishwe na zile za timu za shule, kama Green Commandos ya Kakamega au Scorpions ya Musingu. Hizo hukusudia kumtisha mpinzani. Hazihifadhi kumbukumbu ya nasaba.

Kisarufi pia kuna jambo la kuzingatia. Chui ni kiumbe, na Kiswahili sanifu chadai “chui amefunga”. Hata hivyo husemwa “Ingwe imefunga”, kwa upatanisho wa neno “timu”. Mnyama amesahauliwa, kundi la watu ndilo lililobaki.

Ni dhahiri basi kwamba mwenye mamlaka aweza kubadili jina katika daftari la usajili, lakini hawezi kuamuru litakalotamkwa na umma. Mwanahistoria wa lugha atakayetegemea madaftari peke yake ataona ya kuwa mwaka 1980 makabila yalitoweka katika mpira wa Kenya. Atakayesikiliza sauti za uwanjani atajua kwamba yalibadili lugha tu.