Bomba lisilotajwa katika sifa za Volkswagen

Magari ya zamani yanapozungumziwa Bonde la Ufa, Volkswagen Beetle husifiwa kwa jambo moja: halikuwa na rejeta. Sifa hiyo haikutoka hewani. Katika mbio zilizoanzishwa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zile zilizokuja kuitwa Safari Rally, gari hilo lilishinda 1954 likiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha, likashinda 1957 na Gus Hofmann na Arthur Burton, na tena 1962 na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Injini isiyo na maji haina maji ya kuchemka mlimani. Hata hivyo, hewa haikuwa ya kupozea tu. Ndiyo iliyochanganywa na petroli ndani ya silinda, na ukipanda kutoka Nakuru hewa hiyo huzidi kupungua. Kwa maoni yangu, kilichoamua kama Beetle lingedumu katika nyanda hizi si feni yake, bali manifoldi: bomba linalotoa hewa na petroli kwenye kabureta na kuzifikisha kwenye silinda.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa imeshuka kwa karibu moja ya tano. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, imeshuka kwa zaidi ya robo. Kabureta haijui hayo. Iliyopimiwa nchi tambarare huendelea kumwaga petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuiunguza, ndiyo maana ya moshi mweusi na plagi zenye masizi. Sasa tazama umbo la injini yenyewe. Kabureta ni moja, katikati, na silinda ziko mbili kila upande, kwa hiyo mchanganyiko husafiri mbali ndani ya bomba jembamba. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na bomba hupoa hadi kutoa umande. Ili kulizuia lisipoe, wahandisi walipitisha chini yake bomba la pili, linalobeba moshi moto kutoka kwenye ekzosi. Bomba hilo la pili halina njia nyingine ya kupata joto, na masizi huliziba. Mwinuko ulioleta baridi ndio huo huo uliozalisha masizi ya kuifungia dawa yake.

Atauliza mtu: joto la kuongezea la nini karibu na ikweta? Aliyewahi kuamkia Molo au Mau Narok wakati wa ukungu hatauliza. Barafu hufanyika ndani ya kabureta hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi kumi, mradi iwe na unyevu. Ushindi wa mbio nao haupingi hoja hii: mbio ni za siku chache, na bomba huziba taratibu, kwa miaka.

Bomba hilo la joto likishaziba, kubadilisha manifoldi si kazi ya kufungua na kufunga nati tu. Boliti zinazoshika bomba la joto kwenye sailensa huwa zimeliwa na kutu, na zikilazimishwa hukatika. Gaskiti ya zamani lazima ikwanguliwe yote, kwani mwanya mdogo kwenye silinda hedi huingiza hewa isiyopitia kabureta. Injini huyumba ikiwa haijakanyagwa mafuta, na valvu huweza kuungua. Injini zilizoanza na modeli za 1971 zina manifoldi ya vipande vitatu vilivyounganishwa kwa mipira, na haiingii kwenye hedi za zamani zenye tundu moja la kuingizia kila upande. Wapo wanaosema afadhali kufunga kabureta mbili, moja kila upande, na bomba refu liondoke kabisa. Wana hoja, ila sasa kuna kabureta mbili za kulinganisha kila mara, na ukaidi wa mwinuko uko pale pale.

Beetle la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, lakini matoleo yake ya mwisho yalitumia mfumo wa sindano badala ya kabureta, hivyo manifoldi yake haimfai mwenye gari la 1968. Ya zamani iliyo nzima bado inafaa kuzibuliwa kwa waya na moto. Ukishaifunga, washa injini kidogo, kisha sogeza kiganja karibu na bomba la joto upande huu na ule, bila kuligusa. Upande mmoja ukibaki baridi, kagua sailensa kwanza: nyingine za bei nafuu huuzwa tundu lake likiwa halijatobolewa.