Nani anaithibitisha MBA? Historia ya ithibati ya shahada za biashara za ng'ambo

Ithibati, yaani uthibitisho unaotolewa na chombo cha nje kwamba chuo au programu ya masomo imefikia viwango vilivyokubaliwa, haikuanza kama huduma kwa mwanafunzi anayetafuta mahali pa kusoma. Ilianza kama makubaliano ya vyuo vyenyewe, ambavyo vilitaka kulinda hadhi yao dhidi ya washindani, na ndiyo maana hadi leo hakuna chombo kimoja duniani kinachoweza kutamka kwamba shahada fulani ya biashara ni halali kila mahali. Mtanzania au Mkenya anayepima shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo wengi huiita MBA, inayotolewa Uingereza, India au Marekani, hukutana na nembo kadhaa zilizopangwa chini ya tangazo la chuo; kila nembo ina historia yake, na kila moja hujibu swali ambalo nyingine hailijibu.

Biashara yaingia chuo kikuu

Kufundisha biashara katika chuo cha elimu ya juu ni jambo lenye umri wa karne mbili hivi. Shule ya biashara ya Paris inayojulikana leo kwa jina la ESCP ilianzishwa mwaka 1819, lakini katika vyuo vikuu vya Marekani somo hilo lilipata makao mwaka 1881, pale Joseph Wharton, tajiri mwenye viwanda vya chuma na nikeli, alipokipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 ili kifungue shule iliyobeba jina lake. Chuo cha Dartmouth kilifuata mwaka 1900 kwa kuanzisha shule ya Tuck, iliyofundisha biashara katika ngazi ya uzamili, na mwaka 1908 Harvard ikafungua shule iliyotoa shahada ya kwanza kuitwa MBA.

Shule hizo ziliishi kati ya shaka mbili. Ndani ya vyuo vikuu, wanataaluma wengi waliona utunzaji wa hesabu na uuzaji bidhaa kuwa ufundi wa kujifunzia dukani. Nje yake, vyuo vya watu binafsi vilivyofundisha upigaji chapa na uandishi wa madaftari ya hesabu vilikuwa vikitangaza elimu ya biashara kwa bei nafuu na kwa muda mfupi. Ili kujitenga na kundi hilo la pili na kulishawishi lile la kwanza, vyuo vikuu 17, vikiwamo Harvard, Columbia, Chicago, Yale na Pennsylvania, vilianzisha mwaka 1916 umoja wa shule za biashara za vyuo vikuu unaofahamika kwa kifupi kama AACSB, na mwaka 1919 umoja huo ukapitisha viwango vyake vya kwanza.

Utaratibu uliokomaa kutokana na mwanzo huo ndio msingi wa ithibati nyingi za leo. Shule inayoomba huandika kwanza taarifa ya kujitathmini, ambamo hueleza dhamira yake, sifa za wahadhiri wake, mtaala, udahili wa wanafunzi na namna inavyopima kama wanafunzi hao wamejifunza kweli. Kisha ujumbe wa wakuu wa shule nyingine za biashara huitembelea, huwahoji walimu na wanafunzi, hulinganisha yaliyoandikwa na yanayoonekana, na hatimaye hupeleka mapendekezo kwa kamati inayoamua. Wanaohukumu, kwa maneno mengine, ni wenzao wa taaluma, jambo linaloipa ithibati uzito wa kitaalamu, lakini pia linaifanya iwe hukumu ya klabu ambayo wanachama wake ndio walioweka masharti ya kuingia.

Viwango hivyo havikubaki vilevile. Mwaka 1959 ripoti mbili zilizofadhiliwa na taasisi za Ford na Carnegie zilizishutumu shule za biashara za Marekani kwa kufundisha mbinu ndogondogo za kazi badala ya fikra za kisayansi, na katika miaka iliyofuata shule zikaanza kuajiri wachumi, wanahisabati na wanasaikolojia wenye shahada za uzamivu, huku utafiti ukipewa uzito kuliko ualimu. Mwaka 1991 AACSB ililegeza msimamo kwa kukubali kuipima kila shule kulingana na dhamira yake yenyewe, hivi kwamba shule iliyojikita katika kufundisha ingeweza kupata ithibati ileile iliyopewa shule ya watafiti. Kwa sababu hiyo, shule mbili zenye nembo moja si lazima ziwe na elimu ya aina moja.

Chuo ni kimoja, ithibati ni nyingine

Marekani haina wizara inayoidhinisha vyuo vikuu vya nchi nzima kwa namna ambayo tume za Afrika Mashariki hufanya. Kazi ya kuvithibitisha vyuo imekuwa mikononi mwa jumuiya za hiari, ya kwanza ikiwa ile ya New England iliyoanzishwa mwaka 1885. Sheria ya mwaka 1944 ilipowapa askari waliorudi vitani fedha za masomo, shule za ujanja zilichipuka ili kuzinasa fedha hizo, na mwaka 1952 Bunge la nchi hiyo likaitaka serikali itangaze orodha ya vyombo vya ithibati ambavyo uamuzi wake ungeaminiwa. Hapo ndipo ngazi tatu zilipokamilika: serikali hutambua chombo cha ithibati, chombo hicho hukithibitisha chuo kizima, na chombo maalumu cha fani, kama AACSB, huithibitisha shule ya biashara iliyomo ndani ya chuo hicho.

Tofauti kati ya ngazi ya pili na ya tatu huwachanganya waombaji wengi. Ithibati ya chuo kizima ndiyo inayoifanya shahada ikubaliwe na vyuo vingine na waajiri, ilhali ithibati ya fani ni sifa ya ziada. Chuo kinaweza kukosa nembo ya AACSB na shahada zake zikawa halali kabisa, lakini chuo kisicho na ithibati yoyote ya ngazi ya pili hakiwezi kuokolewa na nembo nyingine inayopachikwa juu yake.

Uingereza ilifuata njia tofauti, kwa kuwa huko mamlaka ya kutoa shahada hutokana na hati ya kifalme, sheria ya Bunge au idhini ya serikali, na sheria ya mwaka 1988 ilifanya kuwa kosa kutoa shahada bila mamlaka hayo. Shule za biashara za London na Manchester zilianzishwa katikati ya miaka ya 1960, baada ya ripoti ya Lord Franks ya mwaka 1963, na mwaka 1967 wahitimu wa MBA wakaunda chama chao, AMBA, ambacho katika miaka ya 1980 kilianza kutoa ithibati. Chama hicho hakikujishughulisha na shule nzima bali na programu yenyewe, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba anayedahiliwa kwenye MBA awe amefanya kazi kwa angalau miaka 3. Barani Ulaya, taasisi ya EFMD yenye makao Brussels ilizindua mwaka 1997 mfumo wake uitwao EQUIS, unaoitazama shule nzima na kusisitiza uhusiano wake na waajiri na sura yake ya kimataifa, nao hutoa ithibati ya miaka 3 au 5 kutegemea matokeo ya ukaguzi. Mwaka huohuo AACSB ilivuka Atlantiki kwa kuithibitisha ESSEC ya Ufaransa. Kutokana na ushindani huo shule zilianza kukusanya nembo zote tatu, na zilizofanikiwa ni takriban asilimia 1 ya shule za biashara duniani. Kwa hiyo kukosa nembo hizo tatu hakuthibitishi ubovu wa shule.

Afrika Mashariki chini ya jina la London

Afrika Mashariki ilianza kutoa shahada kwa dhamana ya chuo cha ng'ambo. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ambapo wanafunzi walisoma Kampala wakatunukiwa shahada za London, na chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya mpango wa namna hiyo. Hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza, vipimo vya ubora vilikuwa vile vilivyorithiwa kutoka London, na viliendelea kutawala fikra za waajiri hata baada ya chuo hicho kugawanyika kuwa vyuo vitatu mwaka 1970.

Mashaka juu ya shahada za kwingineko yalijitokeza mapema. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81, na maofisa wa kikoloni hawakuficha dharau yao kwa vyuo walivyokwenda kusoma, wakidai kwamba vilikuwa chini ya kiwango cha Uingereza. Wengi wa wahitimu hao walirudi kushika nafasi kubwa katika serikali, vyuo na mashirika ya Kenya huru. Wakati huohuo vijana wengine walikwenda Moscow na nchi nyingine za kambi ya mashariki, na swali la kulinganisha vyeti vya mifumo mitatu tofauti likawa suala la utumishi wa umma. Ni mjini Arusha, Desemba 1981, ambako nchi za Afrika chini ya UNESCO zilipitisha mkataba wa kutambuliana vyeti vya elimu ya juu, mkataba uliorekebishwa Addis Ababa mwaka 2014.

Vyombo vya kitaifa navyo vilizaliwa kwa zamu. Kenya iliunda Tume ya Elimu ya Juu mwaka 1985, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) chini ya sheria ya mwaka 2012. Uganda iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2001. Tanzania ilikuwa na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu tangu mwaka 1995, kabla ya kuunda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mwaka 2005. Mbali na kusimamia vyuo vya ndani, vyombo hivyo hupima vyeti vya nje, yaani huchunguza kama chuo kilichotoa shahada kinatambuliwa katika nchi yake na shahada hiyo inalingana na ngazi gani hapa nyumbani.

Mfano ulio karibu ni ule wa USIU-Africa ya Nairobi, iliyoanza karibu na mwaka 1970 kama tawi la chuo cha San Diego, California. Kwa miaka mingi ilitegemea ithibati ya jumuiya ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, lakini mwaka 1999 ilipata hati ya serikali ya Kenya, na tangu hapo imekuwa ikisimama kwa miguu miwili: kila upande hukagua kwa masharti yake, na wala mmoja hauchukui nafasi ya mwingine.

Soko la mihuri ya bandia

Kadiri ithibati ilivyopata thamani, ndivyo ilivyopata waghushi. Kundi lililoendesha shughuli zake kutoka Spokane, katika jimbo la Washington, liliuza shahada za kilichoitwa St. Regis University, chuo kisicho na darasa, na likawahonga maofisa wa Liberia ili kitambuliwe na nchi hiyo. Wapelelezi wa Marekani walilivamia mwaka 2005, na wahusika wakuu walihukumiwa mwaka 2008. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi ilikuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo vya kubuni, pamoja na tovuti za vyombo vya ithibati vya kubuni vilivyotungwa ili kuvithibitisha vyuo hivyo. Matukio hayo mawili yanaonyesha kwamba swali la kuuliza halikomei kama chuo kina ithibati, bali hufika kwa aliyeitoa na aliyempa mamlaka.

Hata ithibati ya kweli hubadilika. Chombo cha Marekani kiitwacho ACICS, ambacho kilikuwa kimethibitisha vyuo vingi vya kibiashara, kilinyang'anywa utambuzi wa serikali mwaka 2016, kikarudishiwa mwaka 2018, kisha kikaupoteza tena mwaka 2022, na vyuo vilivyokitegemea vikapewa miezi 18 ya kutafuta mdhamini mwingine. Chuo Kikuu cha Wales kilitangaza mwaka 2011 kwamba kingeacha kuidhinisha masomo yanayofundishwa na vyuo vingine kwa jina lake, baada ya ubora wa baadhi ya washirika wake wa ng'ambo kutiliwa shaka hadharani. Kwa upande mwingine, taasisi mashuhuri za usimamizi za India, kama ile ya Ahmedabad iliyoanzishwa mwaka 1961, zilitoa stashahada za uzamili na wala si shahada hadi sheria ya mwaka 2017 ilipozipa mamlaka hayo. Mwombaji aliyetazama jina la cheti pekee angeziacha, na aliyetazama sifa ya taasisi pekee angesahau kuuliza jinsi cheti hicho kingepokewa na tume ya kwao.

Historia hii inampa mwombaji mpangilio wa maswali. La kwanza ni kama chuo kina mamlaka ya kisheria ya kutoa shahada katika nchi yake, jambo linalothibitishwa kwa orodha ya serikali ya nchi hiyo na si kwa tovuti ya chuo. La pili ni kama mahali hasa atakaposomea, iwe kampasi kuu, tawi, chuo mshirika au mtandaoni, pamo ndani ya ithibati hiyo. La tatu ni kama TCU, CUE au chombo kingine cha nchi anakotaka kufanya kazi kitaitambua shahada hiyo, na kwa ngazi gani. Nembo za AACSB, AMBA na EQUIS huja baada ya hayo, kama kigezo cha kuchagua kati ya vyuo ambavyo vimekwisha kuvuka maswali matatu ya awali, na tarehe ya mwisho ya kila nembo inapaswa kukaguliwa kwenye orodha ya chombo kilichoitoa. Majibu hayo yaombwe kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya kwanza, kwa sababu tume ya nyumbani inaweza kumshauri anayeuliza kabla ya kusafiri, lakini haiwezi kumrudishia fedha na miaka aliyerudi na cheti kisichotambulika.