Mtiririko wa nishati: kutoka mwani hadi sangara

Mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana mapema na istilahi "mnyororo wa chakula": majani huliwa na panzi, panzi na chura, chura na nyoka. Imekwisha kuzoeleka, nami siipingi. Ila inajibu swali moja tu, la nani anamla nani. Haisemi kinachofika mwisho wa mnyororo ni kiasi gani, na hilo ndilo swali lenye uzito. Istilahi yake ni mtiririko wa nishati.

Nishati tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni uchangamfu, na wanafizikia wakaipa maana ya uwezo wa kufanya kazi. Mtaani tunasema chakula kinatia nguvu, na tunaelewana. Mwanaekolojia, hata hivyo, anahitaji kitu anachoweza kukipima kwa juli, ili mwani, dagaa na mvuvi wote waingie katika hesabu moja. Aliyeifanya hesabu hiyo kuwa msingi wa taaluma ni Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota. Makala yake ilikataliwa kwanza, wasomaji wa jarida wakiona kwamba nadharia imeutangulia ushahidi. G. Evelyn Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Yale akaitetea, ikachapishwa mwaka 1942. Lindeman hakuiona, alikuwa amefariki miezi michache kabla, hajafikisha hata miaka 30.

Alichokionyesha kinaonekana vizuri katika Ziwa Victoria. Mwani unaoelea majini hunasa mwanga wa jua kwa usanisinuru, nao hunasa sehemu ndogo sana ya mwanga unaoufikia, mara nyingi chini ya asilimia 1. Mwani huliwa na planktoni-wanyama, vijidudu ambavyo jicho huviona kwa shida. Hivyo huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na sangara. Tuseme mwani umehifadhi kilojuli 10,000. Kwa makadirio ya kawaida, yale ya asilimia 10 kwa kila hatua, planktoni-wanyama watabaki na 1,000 miilini mwao, dagaa 100, sangara 10. Asilimia 10 si kanuni. Hupanda na kushuka, kwa kawaida kati ya 5 na 20. Lakini mwelekeo haubadiliki.

Nyingine imekwenda wapi? Haijapotea. Sehemu haikuliwa kabisa, au ililiwa ikatoka kama kinyesi. Sehemu kubwa kiumbe ameitumia mwenyewe kupumua, kuogelea, kukimbia adui na kuzaa, na kazi hizo zote huishia kuwa joto. Mamalia hutumia zaidi, kwa kuwa hulazimika kuupasha mwili joto usiku na mchana. Ndiyo maana Serengeti yenye nyumbu zaidi ya milioni 1 ina simba wapatao 3,000 tu. Hata wakilindwa vipi, hawawezi kulingana na nyumbu kwa idadi.

Hapo ndipo neno mtiririko linapostahili nafasi yake. Mara kwa mara husemwa kwamba nishati "huzunguka" katika mfumo ikolojia. Vinavyozunguka ni virutubisho: naitrojeni na fosforasi ya sangara aliyekufa huachiliwa na bakteria, mwani ukaitumia tena. Joto lililotoka mwilini mwa sangara halirudi kwenye mwani. Hutawanyika majini na hewani, mwishowe hutoka hadi anga za mbali. Jua likizimika, ziwa lote litakufa njaa, hata kama fosforasi imejaa tele. Kwa hiyo naomba waandishi wa vitabu waziache istilahi mbili zisimame mbalimbali: mzunguko wa virutubisho, mtiririko wa nishati.

Kila hatua ya mtiririko huu napendelea kuiita ngazi ya ulaji. Mwani uko ngazi ya kwanza, planktoni-wanyama ya pili, dagaa ya tatu, sangara ya nne. Binadamu hana ngazi yake maalumu. Hupanda na kushuka kulingana na sahani. Aliyekula ugali na mchicha yuko ngazi ya pili. Aliyekula ngege, samaki wa asili wa ziwa hili aliyeishi kwa mwani, alikuwa ya tatu. Wa dagaa ni ya nne, wa sangara ya tano, na kila alipopanda ngazi mwani mwingi zaidi umehitajika kumshibisha.

Dagaa ndio wanaoongoza kwa uzito katika uvuvi wa ziwa hili. Wavuvi huwafuata kwa taa usiku wa giza, na asubuhi huwaanika mwaloni. Lakini shehena kubwa haifiki sokoni kama kitoweo. Husagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku akila dagaa ambaye mtu angeweza kumla, ngazi moja imeongezeka, na sehemu kubwa ya nishati ya dagaa huyo imeishia kuwa joto bandani. Mpango wowote wa uvuvi unaohesabu tani bila kuuliza dagaa wanaliwa na nani umeiacha nje hasara hiyo.